Kocha wa Wasiogusa Mpira

Kocha wetu alikuwa mwembamba kiasi kwamba mkanda wake wa suruali ulikuwa na matundu mawili ya ziada, aliyoyatoboa mwenyewe kwa msumari wa moto. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu waliloanza kulicheka. Upepo wa mwezi wa sita ukivuma pale Iyunga, ilimbidi ashike kofia kwa mkono mmoja na suruali kwa mkono wa pili. Na mtu huyo ndiye aliyekuwa akitufundisha sisi, wanaume watano wenye matumbo na shingo fupi, namna ya kusukuma wanaume wengine wenye matumbo na shingo fupi. Mgeni aliyekuja kututazama kwa mara ya kwanza alidhani yeye ndiye mgonjwa na sisi tumemtoa nje kupunga upepo.

Kwao hasa ni wapi, sijui vizuri na sikuwahi kuuliza. Wengine walisema Tukuyu, wengine Njombe. Wanyakyusa walisema anaongea Kinyakyusa kama Mbena, Wabena wakasema anaongea Kibena kama Mnyakyusa, na yeye hakuwasaidia. Ninachojua ni kwamba alikuwa mwalimu wa fizikia katika sekondari moja, kwamba aliwahi kusoma Marekani miaka michache, na kwamba alirudi na shahada, koti zito, na mapenzi ya mchezo ambao Mbeya nzima hakuna aliyeujua. Kwa umbo la mpira wake watu waliuita mpira wa yai. Sisi tulimwita Kocha. Mke wake pia alimwita Kocha, tena hata mbele ya mchungaji.

Niseme mapema ili msije mkadhani namsifia mtu bure. Kuna kosa langu moja ambalo Kocha alilibeba mbele za watu, nikiwa nimekaa palepale, nikanyamaza. Miaka kumi na moja nimeendelea kuuza mchele wangu hapa Igawa, nimeoa, nimezaa, nimenenepa zaidi, na bado nikisikia mtu anasema neno “upande” nashtuka. Nitalifikia. Lakini kwanza mjue alikuwa mtu wa namna gani, maana bila hivyo mtaniona mimi mbaya kuliko nilivyo, au mwema kuliko nilivyo, na yote mawili sitaki.

Tulikutana kwenye mitumba. Marehemu baba yangu alikuwa na meza ya nguo Mbalizi, na katika robota moja zilitoka kofia ngumu sita zenye vyuma usoni na vitu vikubwa vya plastiki vya kuvaa mabegani. Hakuna aliyejua ni vya nini. Baba, aliyekuwa na damu ya biashara ya watu wa pwani, aliamua kwamba ni vya bodaboda. Siku hiyo mimi nimekaa nyuma ya meza nakula mhogo, akaja mwanaume mwembamba, akashika kile kitu cha mabegani, akakigeuza, macho yakamjaa machozi.

“Mzee wangu, hivi umevitoa wapi?”

“Vikinga bega hivyo, mwalimu. Vya bodaboda. Dereva akianguka hapati hata mkwaruzo.”

“Hivi si vya bodaboda.”

“Basi ni vya nini?”

Kile kitu akakiweka mezani. Alikuwa ameshaniona mimi. Alinitazama kuanzia miguuni kwenda juu, polepole, kama mtu anayekagua ng’ombe mnadani.

“Na huyu?”

“Huyu hauzwi,” baba akasema. “Huyu mwanangu.”

“Saa kumi jioni huwa anafanya nini?”

“Anakula.”

“Kesho aje Iyunga, uwanja wa shule. Atakula baadaye.”

Nikaenda, kwa udadisi tu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na tangu utotoni hakuna timu iliyowahi kunitaka. Katika kabumbu nilikuwa nikiwekwa golini kwa hoja kwamba naziba. Kocha ndiye mtu wa kwanza kuniambia mwili wangu ni kazi. Alisema hivyo hivyo, “Mwili wako ni kazi, sasa tuifanye,” halafu akanipa chaki nimshikie. Sijui kama anajua alichonifanyia siku ile.

Niueleze mchezo kidogo. Kuna mkimbiaji mmoja anayepewa mpira akimbie nao mbele, na kuna wapinzani wanaotaka kumwangusha. Kati yake na wao tunasimama sisi, watu watano wa mstari. Kazi yetu ni kufungua njia apite. Ukimtoa yule wa katikati anayeuanzisha mpira kwa kuupitisha kati ya miguu yake, sisi mpira hatuugusi. Mkimbiaji akifika mwisho watu wanaruka, wanamtaja jina, na wewe bado uko chini na udongo mdomoni. Ukitajwa, ujue umeharibu.

Sasa makocha wengine, alituambia, humpa kila mtu wa mstari adui yake: wewe na huyu, wewe na yule. Yeye hakutaka. Yeye alimpa kila mtu nafasi. Mpira ukianza, wote watano mnapiga hatua moja upande mmoja, mguu mmoja, fupi, kwa pamoja. Atakayeingia kwenye nafasi yako ni wako. Atakayetoka ni wa jirani yako, mwachie. Nafasi yako ikiwa tupu, usisimame unatazama ndege. Egemea kwa jirani, msaidie kusukuma, huku jicho likimtafuta yule wa nyuma anayekuja mbio. Akija, unamwacha jirani na kumpokea huyo. Basi. Fizikia yote aliyoisomea ughaibuni iliishia hapo.

Misemo yake ilikuwa michache na aliichosha. “Hatua ya kwanza fupi.” “Bega kwa jirani, macho mbele.” Na ule mkubwa kuliko yote: “Usimfuate mtu, atakupeleka kwao.” Aliusema uwanjani, aliusema darasani, na inasemekana aliusema kwenye harusi moja huko Uyole wakati bwana harusi akipewa nasaha, wazee wakakubali kwa vichwa bila kujua anazungumzia nini.

Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa mfuataji. Mbuzi wa jirani akiingia kwenye figili zake, Kocha alitoka na ufagio na kumfukuza mbuzi huyo hadi barabara kuu, malori yakimpigia honi. Mke wake alikuwa akisimama mlangoni na kupaza sauti, “Kocha! Atakupeleka kwao!” Nasi tuliokuwa ndani tukinywa chai tulishika matumbo.

Alikuwa na ukinzani mwingine. Alisema haamini katika kupiga kelele, lakini sikio lake la kulia halikusikia vizuri, kwa hiyo siri zake zote zilifika Mbalizi. Alituhimiza kula, akituchunguza sahani kama mama mkwe, na yeye akabaki na nusu chapati mpaka nzi wakaichoka. Ramadhani ilipofika, waliofunga kwenye timu tulikuwa watatu. Akapiga marufuku mtu yeyote kunywa maji mbele yetu, akasema timu ni moja na kiu ni moja. Halafu katikati ya mazoezi anapotea nyuma ya vyoo vya shule na kurudi anasugua mikono. Masharubu yake yalikuwa na chai. Hakuna aliyemwambia. Siku ya Idi tulimpelekea pilau na chupa nzima ya chai, na mmoja wetu akamwambia, “Kocha, leo kunywa mbele yetu.” Alijipangusa masharubu, kisha akacheka mpaka akakohoa.

Mtu wa kwanza kuielewa ile hatua ya pamoja hakuwa mwanafunzi. Alikuwa Ambwene, mpakia viazi pale Mbalizi, mtu wa miraba minne, mpole kama mto. Kocha alikwenda sokoni mwenyewe kumtafuta, baada ya kumwona yeye na mwenzake wakibeba gunia la lumbesa, lile lililojazwa hadi likaota kichwa. Wapakiaji wale hawahesabu “moja, mbili”. Mmoja anagusa bega la mwenzake kwa bega lake, na miguu ya wote wawili inainuka kwa pamoja. Kocha alisimama pale nusu saa akitazama magunia. Wenye mali wakadhani ni mtu wa ushuru, wakaanza kupunguza lumbesa zao. Mwisho akamwita Ambwene pembeni.

“Ugonile, kaka. Mnajuaje mguu wa kuanza?”

“Mwe! Si unamsikia mwenzio begani?”

“Utawafundisha watu wangu hilo?”

“Wanabeba nini?”

“Hawabebi kitu.”

Ambwene alifikiri. “Basi ni kazi rahisi,” akasema, akaja. Kocha akamweka kushoto kwangu, na kwa misimu miwili nilimjua mtu huyo kwa bega kuliko kwa uso.

Lakini lile la pili, la kumwachia jirani adui wako, hilo lilitushinda wote. Mtu amekusukuma, amekutemea maneno, halafu anahama, na unaambiwa mwachie! Mikono haikubali. Kocha alichora kwa chaki kwenye ubao, kwenye ukuta wa stoo, kwenye meza ya mama muuza chai, akapanga vizibo vya soda, bluu sisi, vyekundu wao, akavisogeza na kuvisogeza. Mama wa chai akamwambia vizibo vyake vinazuia wateja. Bado hatukuelewa.

Tulielewa siku ya maziko ya baba yangu.

Baba aliondoka ghafla, Alhamisi asubuhi, na tulimzika Alhamisi hiyo hiyo alasiri. Timu nzima ilikuja, Waislamu na wasio Waislamu. Kutoka nyumbani hadi makaburini ni kama mwendo wa dakika ishirini, kwa kupanda. Jeneza kwetu halibebwi na watu sita walioteuliwa. Linabebwa na kila mtu. Unaingia mbele, unatia bega, unatembea hatua chache, mwingine anaingia mbele yako na wewe unarudi nyuma, mpaka unatoka, unazunguka tena. Hakuna anayepanga, hakuna anayeita majina, na jeneza halisimami. Mimi nilitaka kulibeba mwenyewe njia nzima. Nililing’ang’ania, nikawa nazuia watu, hadi mkono mwembamba ukanigusa mgongoni na sauti ikaninong’oneza, kwa kadiri yeye alivyoweza kunong’ona, kwamba nimwachie jirani. Niliachia. Bega lililoingia pale nilipotoka lilikuwa la Kocha. Alikuwa mfupi kuliko wenzake, jeneza likamgusa kwa shida, akatembea kwa ncha za vidole.

Mazoezi yaliyofuata alitukusanya. Alinitazama mimi kwanza, akaniomba radhi kwa atakalolisema.

“Ile siku tulipomsindikiza mzee,” akasema, “mmeona? Hakuna aliyesema huyu baba ni wangu peke yangu. Umefika mwisho wako, unaachia, na mwenzio yupo. Ile ndiyo zoni, ile nafasi ninayowaimbia kila siku. Miaka minne naihangaikia kwa vizibo, na nyinyi mnaijua toka utotoni.”

Ningeweza kukasirika. Sikukasirika. Nililia, nikiwa nimevaa ile kofia yenye vyuma, na ni vizuri kofia ile inaficha uso. Kuanzia siku hiyo mstari wetu ulicheza. Watu walisimama barabarani kututazama, na Yona, mkimbiaji wetu, kijana wa wakulima wa huko juu mlimani, alipita katikati yetu kama anaingia kwao.

Miezi minne baadaye tulikwenda Iringa.

Wao walikuwa na timu ya vijana wa vyuo, wenye jezi za dukani. Zetu namba tulizichora kwa rangi. Tulitoka alfajiri, tukapita hapahapa Igawa nilipo leo, tukanywa chai Makambako, tukafika saa sita mchana. Wenyeji walitupokea vizuri, “Kamwene, kamwene,” wakatupa ugali wa nguvu, na kiwanjani wakatupa makubwa zaidi. Aliyesimama mbele yangu alikuwa jitu lenye ndevu. Alikuwa na mdomo. Mwanzo alinitania kwa tumbo, nikacheka. Kisha sijui nani alimwambia nimetoka wapi.

“Oya, mtoto wa mitumba! Baba’ako alituuzia soksi za matundu! Mwambie arudishe!”

Hakujua. Najua sasa kwamba hakujua, angejua asingesema. Lakini masikio yangu yaliziba.

Mpira ulipoanzishwa tena, Kocha aliita kwenda kulia. Hatua moja, fupi, kulia, kwa pamoja. Yule wa ndevu hakuja kwangu. Alihamia kushoto, akaingia kwenye nafasi ya Ambwene, na Ambwene alikuwa ameshampokea. Kazi yangu ilikuwa kumwachia na kutazama mbele, kwa yule wa nyuma anayekuja mbio. Badala yake nilimfuata. Nilimfuata kwa mwili wangu wote na msiba wangu wote. Nikamwangusha, nikamkalia, na kwa muda kama wa kuvuta pumzi mbili nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Iringa.

Kisha nikasikia kimya. Nilipogeuka, Yona alikuwa chini. Wa nyuma alikuwa amepita pale nilipotakiwa kuwapo, wazi kama lango la kanisa, akamgonga Yona ubavuni kabla hajajikinga. Mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ulivunjika. Safari ya kurudi, kila tuta la barabarani Yona alikuwa akitoa sauti ndogo, na mimi nilikuwa nimemshikia mto. Ambwene hakunitazama mpaka Mbeya.

Wiki ile shule iliita kikao. Mkuu wa shule, wajumbe wa bodi, sisi wachezaji kwenye viti vya nyuma, Yona na bandeji yake, na baba yake Yona, mzee mkulima wa viazi, amevua kofia ameishika mikononi. Mzee hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Alisema tu:

“Mimi mpira huu siujui. Mwanangu anasema kuna watu watano wa kumlinda. Nauliza, nani alikosea?”

Nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa nimevaa viatu vyeusi vya baba. Nilijiambia nitasimama. Nilijiambia acha kwanza mtu akohoe, halafu nasimama. Mtu akakohoa. Sikusimama. Na hapo mbele, suruali ikimning’inia, Kocha akainuka.

“Mimi, mzee. Niliita upande usio sahihi.”

Ulikuwa uongo. Upande ulikuwa sahihi. Kushoto tungekutana na watu watatu, na kulia palikuwa na barabara nyeupe. Kila mtu wa mstari alijua. Ambwene alinigusa bega kwa bega lake, mara moja, kama wanavyogusana wabeba gunia. Sikuinua mguu.

Shule ikaufunga mchezo. Vikinga bega vya baba yangu vikaingizwa stoo, panya wakazalia humo. Kocha akaandikiwa barua kwamba abaki na fizikia yake. Kitu kimoja alichokijenga kwa miaka minne kilikwisha kwa sentensi moja aliyoisema mwenyewe, na aliyepaswa kuisema kweli nilikuwa mimi.

Hakuniambia neno. Jumamosi iliyofuata alipanda mlimani kwa baba yake Yona, maana ilikuwa wakati wa kuchimba viazi na Yona mkono umefungwa. Sisi wa mstari tukasikia, tukamfuata, wote watano. Mzee alitutazama tulivyojipanga getini kwake tukiwa tumejaza njia, akatikisa kichwa, akatugawia majembe na kumwonyesha kila mmoja tuta lake. Tulikwenda Jumamosi sita. Kocha alichimba vibaya, alikata viazi zaidi ya alivyovitoa, mama yake Yona akamhamishia kwenye kuchagua. Mimi nilichimba mpaka mama huyo akaniuliza kama nimeahidiwa binti. Nilifikiri jembe litasema kwa niaba yangu, lakini jembe halina mdomo.

Yona alipona. Mtulinga wake una kinundu, anakionyesha watu kwa maringo, na leo ni fundi ujenzi mwenye kazi zake. Ambwene ana magari mawili ya viazi. Mimi nina mchele. Dukani kwangu vijana wote wanajua: hakuna mteja wa mtu, kuna nafasi, mwenzako akielemewa, egemea. Wateja wanashangaa hawajawahi kupuuzwa. Mke wangu anasema hata nyumbani mimi ni mtu wa msaada, akiniambia mtoto analia naona tayari nimeinuka. Nikisifiwa kwa hilo nasema nilifundishwa. Nilipata baba wawili maishani, mmoja akaniuza kwa mwingine kwa mzaha juu ya meza ya mitumba, na wote wawili nawashukuru. Shukrani hiyo ndiyo iliyokuwa ikinichoma.

Mwaka huu, baada ya mvua, nikapata habari kwamba Kocha amepata kiharusi. Mguu wa kushoto na mkono wa kushoto. Nikapakia gunia la mchele, nikaenda Iyunga.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, akimtazama mbuzi ndani ya figili zake bila uwezo wa kumfanya chochote. Amekonda zaidi, kama hilo linawezekana. Maneno yalitoka polepole, lakini sauti ilikuwa ileile ya kusikika Mbalizi.

“Shikamoo, Kocha.”

“Marahaba. Umenenepa. Vizuri.”

Tukazungumza mchele, tukazungumza mvua. Mke wake akaleta chai, akatuacha. Nikajiambia ngoja kwanza mtu akohoe. Kisha nikajichukia, nikasema.

“Kocha, upande ulikuwa sahihi.”

“Upande gani?”

“Iringa. Kulia. Ulikuwa sahihi. Mimi nilimfuata mtu.”

Alikunywa chai. Ikabaki kwenye masharubu.

“Sabini na mbili,” akasema.

“Nini?”

“Jezi yako. Niliichora mwenyewe kwa rangi iliyobaki ya mlango wa choo. Namba kubwa kama ile, nisiione inakimbilia kushoto?”

Miaka kumi na moja nimekuwa nikificha kitu machoni pa mtu aliyekiona kabla yangu.

“Kwa nini basi ulinilinda?”

Akakasirika. Upande mmoja wa uso ndio uliokasirika, lakini ulitosha.

“Nani kakulinda? Mimi nafundisha kulinda mtu? Mzee wa watu kauliza swali. Yona kakaa na bandeji. Nafasi iko wazi, hakuna mtu. Mimi ndiye niliyekuwa jirani, nikaziba.” Akapumzika. “Tena nilikungoja. Usidhani sikukungoja. Nilihesabu mpaka kumi, naangalia viatu vyako. Vilikuwa vya baba yako, eti?”

“Vilikuwa vyake.”

“Nilivijua. Nikasema basi, huyu bado amebeba jeneza. Tumpumzishe kidogo, atarudi.” Akaweka kikombe chini kwa mkono mzima. “Lakini kijana wangu, miaka kumi na moja! Nimesimama kwenye nafasi yako mpaka mguu umekufa.”

Alicheka peke yake, akakohoa. Mimi nilikuwa nalia, mtu mzima, mwenye duka, na safari hii sikuwa na kofia ya kuficha uso. Alinipa leso yake. Ilikuwa na chaki, ingawa amestaafu miaka mitatu iliyopita.

“Samahani, Kocha.”

“Mimi sikuuliza swali. Aliyeuliza ni yule mzee. Yupo hai?”

“Yupo. Yona anasema bado analima.”

“Basi.” Akanyoosha mkono wa kulia. “Daktari amesema nitembee hadi getini kila siku. Mama leo amechoka. Simama kushoto.”

Nikasimama kushoto. Nikatia bega chini ya kwapa lake. Hakuhesabu. Alinigusa tu kwa bega lake jembamba, nikamsikia, na tukainua mguu kwa pamoja. Hatua ya kwanza ilikuwa fupi. Tulifika getini kwa muda mrefu, na njiani mbuzi alitutazama akaendelea kula.

“Usipeleke mchele mlimani,” aliniambia tukiwa tumeshika geti. “Mzee atadhani unamhonga. Nenda na miguu yako tu.”

Jumamosi nilipanda. Ukungu ulikuwa bado juu ya matuta na mzee alikuwa shambani peke yake, ameinama. Nilivua kofia, nikamwamkia, nikajitaja. Nikamwambia: mzee, mwaka ule uliuliza nani alikosea, na hukujibiwa kweli. Nilikuwa mimi. Nikamweleza yote, wa ndevu, soksi, kushoto, viatu vyangu mle kikaoni. Alinisikiliza akiwa ameegemea jembe lake, na nilipomaliza aliinua macho akautazama mlima.

“Na yule mwalimu wako mwembamba,” akasema mwishowe, “anajua umekuja?”

“Anajua.”

“Anaendeleaje?”

“Anatembea hadi getini.”

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Kisha akaingia kwenye kibanda, akatoka na jembe la pili, akanipa.

“Tuta lako ni lile pale,” akasema.